Mdomo mchungu wakati wa Flagyl: usiache dozi njiani

Nikiwa kwenye kaunta ya duka la dawa, malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu Flagyl si ya tumbo, ni ya mdomo. Mgonjwa amepimwa choo, amekutwa na amiba, ameanza dawa na kuhara damu kumekoma. Lakini sasa chai ina ladha ya chuma, ugali vilevile, hata maji. Hapo ndipo anapoacha vidonge vilivyobaki. Kama mfamasia inaniuma, maana maudhi hayo yanavumilika ukijua yanakotoka.

Metronidazole, dawa iliyomo ndani ya Flagyl, ikishaingia kwenye damu hutokea pia kwenye mate. Ndiyo maana kupiga mswaki hakuondoi ule uchungu. Meza kidonge kizima, usikitafune wala kukiponda, wakati wa kula au mara tu baada ya kula, kwa maji ya kutosha. Hivyo hata kichefuchefu hupungua. Mlo ukikushinda, uji unatosha. Dawa ya maji ya watoto ina utaratibu wake: kama chupa imeandikwa metronidazole benzoate, kwa kawaida mtoto hupewa saa moja kabla ya kula.

Mkojo ukiwa wa kahawia usiogope, ni dawa. Macho yakiwa ya njano, hilo ni jambo jingine, rudi hospitali.

Pombe acha kabisa, hata bia moja, mpaka angalau siku 2 baada ya kidonge cha mwisho. Mimi huwaambia wateja wangu wangoje 3. Na kama unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla hujaanza, kwa sababu Flagyl huiongezea nguvu na unaweza kuvuja damu.

Yapo madhara yasiyo ya kuvumilia. Ganzi au kuchomachoma mikononi na miguuni, kuyumba, degedege, uso kuvimba, upele wenye malengelenge: usimeze kidonge kingine, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Watu wengi hupenda kunywa mtindi wakiwa kwenye antibiotiki. Kwa Flagyl hauna shida. Kwa sipro (ciprofloxacin), ambayo wengine huandikiwa kwa kuhara damu kunakoletwa na bakteria, unaharibu kazi: kalsiamu ya maziwa huishika dawa tumboni isifyonzwe vizuri. Vidonge vya madini ya chuma, zinki na dawa za kutuliza asidi hufanya hivyohivyo. Meza sipro saa 2 kabla ya vitu hivyo, au saa 6 baada yake. Ukisikia maumivu ya ghafla nyuma ya kisigino, iache na umwone daktari.

Kuhara kukianza upya, kwa nguvu, katikati ya dozi au hata wiki kadhaa baadaye, usikimbilie dawa ya kufunga choo. Kunywa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja ya kawaida kwa lita 1 ya maji safi, na urudi ukapimwe.

Jambo moja naona linasahaulika mno. Flagyl huua amiba walioingia kwenye kuta za utumbo, lakini haimalizi wale waliojificha ndani ya utumbo wenyewe. Hao wanahitaji dawa ya pili, kwa mfano diloksanidi miligramu 500 mara 3 kwa siku kwa siku 10 kwa mtu mzima. Kama cheti chako cha amiba kina Flagyl peke yake, muulize daktari kuhusu dawa hiyo kabla hujaondoka.