Je, wajua kwa nini kobe hustahimili baridi ya Lubumbashi lakini huugua Bukavu?

Usiku wa Julai Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni baridi kuliko usiku wa kawaida wa Bukavu, mashariki mwa nchi hiyohiyo. Kule Lubumbashi kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, watu wakalala na blanketi mbili. Bukavu kwa kawaida huishia 14 au 15. Ukisikia hivyo utadhani mtu wa Bukavu ndiye mwenye bahati ya kufuga kobe. Kwa kobe wengi wa savana mambo ni kinyume chake, na ukielewa sababu utajua ni kobe gani wa kuweka parselini kwako.

Kobe hana moto wake mwenyewe mwilini. Asubuhi hutoka mafichoni, hukaa juani bila kusogea, na mwili ukishapanda kuelekea nyuzi 30 ndipo tumbo huanza kazi. Kinga ya magonjwa nayo hungoja joto hilohilo. Akila kisha akapoa kwa muda mrefu, majani aliyokula hayasagiki, yanachacha tumboni. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mji wako unamfaa, kupima baridi ya usiku hakutoshi. Uliza mambo mawili: kesho yake atapata jua la kutosha? Na anapopoa, amelala pakavu?

Lubumbashi inajibu vizuri. Iko kwenye mita 1,200 hivi, na kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni ya kubahatisha. Usiku wa Julai unauma kweli, ila saa sita mchana anga ni jeupe na joto limefika nyuzi 25. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko mvua hunyesha karibu miezi tisa, mawingu hayaishi, na udongo wa mfinyanzi ukishalowa haukauki upesi. Kobe wa savana hapo hukaa na mwili wa nyuzi 18 au 19, siku hata siku. Hajapoa kiasi cha kulala usingizi mrefu, wala hajapata joto la kusaga chakula. Dalili utaziona puani: kamasi nyembamba inayotoa povu kila anapopumua, kisha anaanza kunyoosha shingo na kufungua mdomo ili apate hewa. Hapo mapafu yameshaguswa, na kumtibu ni kazi ngumu.

Atakayesema tatizo ni urefu wa milima atazame Nairobi. Mji ule uko juu kuliko Bukavu, na kobe chui, yule mwenye gamba la manjano lenye madoa meusi, anaishi kiasili katika mbuga ya taifa iliyo pembeni mwa mji. Milima haimsumbui. Kinachomsumbua ni ubaridi na unyevu vikija pamoja bila kupumzika.

Sasa, nani akae wapi? Kwa Lubumbashi jibu langu ni kobe wa bawaba wa Speke, ambaye miombo ya kusini mwa Kongo na Zambia ndiyo kwao. Ameumbwa kwa kalenda ya mji huu. Kiangazi kikikaza hujificha kwenye mianya na mashimo, anapunguza shughuli zote, halafu mvua za Novemba zikianza hutoka na njaa. Hali majani peke yake kama wengi wanavyodhani, anakula pia konokono, jongoo na uyoga. Msimu ambao uyoga wa vichuguu unauzwa barabarani ndio msimu wake wa kunenepa. Usimlazimishe kula mwezi wa saba kwa kumwonea huruma.

Kumtambua kuna mtego. Kobe mzima wa aina hii ana mstari unaokata gamba la mgongoni kwa nyuma, na sehemu hiyo hushuka kama mlango kufunika miguu. Mtoto wake hana mstari huo bado, unatokea anapokua. Ndiyo maana si rahisi kumjua kobe mdogo aliye ndani ya ndoo ya muuzaji.

Kobe chui naye anaiweza Lubumbashi, mradi usiku wa kiangazi awe na kibanda kikavu chenye nyasi. Kobe wa Saheli mimi simshauri mtu: dume lake laweza kupita kilo 50, na huchimba handaki refu hata chini ya msingi wa ukuta wako.

Bukavu na Goma, mji mwenzake wa Ziwa Kivu, ni ngumu zaidi. Wengine hufikiri kobe wa bawaba wa misitu ya bonde la Kongo ndiye atakayefaa kwa kuwa anapenda unyevu. Anaupenda, ndiyo, lakini unyevu wa msitu wa joto, siyo wa nyuzi 14. Goma ina nafuu kidogo kwa sababu mawe ya volkano hupitisha maji haraka na hupata moto jua likitoka, ingawa makali yake yanakwaruza gamba la tumboni, kwa hiyo mwaga udongo laini juu yake. Ukimfungia ndani kwa kukwepa mvua, unaleta tatizo jingine: kioo cha dirisha huzuia miale inayompa vitamini D, na bila hiyo gamba hulainika. Mtoe nje kila panapokauka, hata kukiwa na mawingu. Kwa maoni yangu, asiye na kibanda kikavu chenye joto katika miji hiyo miwili aache kwanza.

Popote ulipo, usimwokote porini. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama pori, na Kongo ina sheria yake ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014. Uliza ofisi ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira, kabla ya kununua, na usimvushe mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia ndani ya mfuko bila kibali, hata kama upande wa pili ni pori lilelile.