Sikiliza nota ikishapigwa: wapiga besi isiyo na freti ninaowaenzi

Ukitaja gitaa la besi lisilo na freti, wengi hukumbuka kuteleza: kidole kinaburuzwa kwenye uzi na sauti inapanda bila kukatika. Kuteleza ni rahisi, na wanafunzi wangu huweza siku ileile wanaposhika ala hii kwa mara ya kwanza. Kazi iko kwenye kutua. Ufike mahali penyewe, ukae hapo, na nota iendelee kuwa hai mpaka wewe mwenyewe uamue kuiacha. Wapiga besi ninaowaenzi nimewachuja kwa kipimo hicho, wala si kwa kasi ya vidole.

Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, chuma ndicho kinachoamua sauti, hata kidole kikikaa ovyo. Ukizing'oa, uamuzi wote unahamia kidoleni. Uzi wa besi ya kawaida una urefu wa sentimita 86.4. Nusu toni ya kwanza, yaani hatua ndogo kutoka nota moja hadi ya jirani, kule karibu na vigingi, inachukua takriban sentimita 4.8, lakini ukishapita oktava, yaani katikati ya uzi, nusu toni ina sentimita 2.4 tu. Kwa hiyo kosa la milimita 1 huko juu linaumiza sikio mara mbili ya kosa hilohilo huku chini. Ndiyo sababu mtu anaweza kusindikiza vizuri sana, kisha akaharibika pale anapopanda ili besi iimbe.

Jambo la pili ni mbao. Badala ya kukatwa na chuma, uzi unalala juu ya ubao wa shingo na kutetemeka huku ukiugusagusa. Hapo ndipo inapozaliwa ile sauti tunayoiita “mwaa”: nota inaanza ikiwa imefumba, halafu inafunguka. Haiji mwanzoni mwa pigo, inakuja baadaye kidogo. Anayepiga nota fupifupi kila wakati hataisikia kamwe.

Masikio ya watu wa pwani yana mtaji hapa. Udi hauna freti, fidla haina, na dabo besi, ile besi kubwa ya kusimamishwa, inayobeba taarabu ya vikundi vya Unguja kama Culture Musical Club nayo haina. Mtu aliyelelewa na muziki huo haoni ajabu nota kufikiwa kutoka chini yake, au kutikiswa kidogo kabla ya kuachwa.

Besi za namna hii zilianza kwa mikono ya wapigaji wenyewe. Bill Wyman wa Rolling Stones aling'oa freti za besi yake mwaka 1961, kampuni ya Ampeg ikatoa ya kwanza ya kiwandani mwaka 1966, na Fender ikafuata mwaka 1970. Lakini aliyeifanya dunia nzima igeuke ni Jaco Pastorius, kijana aliyekulia Fort Lauderdale, Florida.

Gitaa lake lilikuwa Fender Jazz Bass ya mwaka 1962. Alitumia nyuzi za Rotosound zilizosokotwa kwa waya wa mviringo, ambazo hung'aa sana kwa sauti lakini hula mbao kama msasa. Kwa hiyo ubao wa shingo ukapakwa epoksi ya kupakia boti, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mgumu kama kioo. Ugumu ule uliulinda ubao, na ukairefusha nota. Tena alipiga karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, akitegemea pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya nyuma, mahali ambapo uzi ni mkavu na kila kosa huanikwa. Nimewahi kuona watu wakinunua pikapu ghali wakitafuta sauti yake, ilhali mkono wao wa kulia bado uko kule kwenye shingo. Sogeza mkono kwanza.

Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1976 na kubeba jina lake, inafunguliwa na “Donna Lee”, besi na konga (ngoma za mkono) za Don Alias basi. Ni kazi ya kutisha, na kila kijana anataka kuanza nayo. Mimi humrudisha kwenye “Continuum”, wimbo wa tatu, ambao besi imerekodiwa mara mbili na sauti hizo mbili zinaelea pamoja. Kama angekuwa anatua ovyo, sauti hizo zingegombana. Badala yake zinatanuka.

Akiwa na kundi la jazi la Weather Report alitoa “Heavy Weather” mwaka 1977. Humo sikiliza “A Remark You Made” ya Joe Zawinul. Besi inaimba wimbo wenyewe ikipokezana na saksafoni ya Wayne Shorter, na ukifumba macho kuna mahali huwezi kusema mara moja ni nani ameachia na nani amepokea. Naamini hakuna rekodi inayofundisha zaidi ya hiyo kuhusu urefu wa nota. Karibu nayo naiweka albamu “Hejira” ya mwimbaji Joni Mitchell, ya mwaka 1976, ambayo Jaco yumo katika nyimbo nne. Pale hakai chini kushikilia msingi kama besi ilivyozoeleka. Anaingia kwenye nafasi ambazo mwimbaji ameziacha, anasema neno lake, anatoka. Alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 35, na kiasi cha muziki alichotuachia kwa muda huo bado kinanistaajabisha.

Tatizo ni kwamba kivuli chake ni kirefu. Alphonso Johnson, aliyemtangulia Weather Report, husahaulika isivyo haki, na Percy Jones wa kundi la Brand X alikuwa na lugha yake kabisa. Wawili waliokataa kuwa nakala ningependa wasikilizwe zaidi.

Wa kwanza ni Pino Palladino kutoka Cardiff, Wales. Mwaka 1983 mwimbaji Paul Young aliurudia wimbo wa Marvin Gaye, “Wherever I Lay My Hat”, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Unafunguliwa na besi. Palladino alitumia Music Man StingRay pamoja na kifaa cha mguuni kinachoongeza oktava ya chini, kwa hiyo nota inaimba juu huku ikiwa na uzito wake. Mamilioni ya watu waliupenda wimbo ule bila kujua walichokipenda ni besi.

Wa pili ni Mick Karn wa kundi la Japan, mzaliwa wa Nicosia, Kupro, aliyekulia London. Katika albamu “Tin Drum” ya mwaka 1981 besi yake inapinda na kujikunja hadi inakuwa kama mtu anayenong'ona jambo jingine pembeni ya wimbo. Wapo wanaoona alitoka nje ya sauti. Mimi nasikia mtu aliyejua nota yake ilipo na akachagua kuchelewa kuifikia.

Halafu Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, katika albamu “Graceland” ya mwimbaji Paul Simon, 1986. Wote hukumbuka kile kipande cha kasi kwenye “You Can Call Me Al”. Nusu yake ya kwanza ndiyo aliyoipiga. Nusu ya pili ni mkanda uleule ukigeuzwa nyuma mbele, kwa hiyo msijichoshe kutafuta namna ya kukipiga chote kama kinavyosikika. Wekeni nguvu zenu kwenye “Diamonds on the Soles of Her Shoes”. Waimbaji wa kundi la Ladysmith Black Mambazo wanaanza kwa sauti tupu, kisha gitaa la Ray Phiri linafungua mlango na besi inaingia. Sikiliza kwa spika kubwa au visikilizi, maana spika ya simu hula nusu ya kazi yake. Kumalo anapanda, anaijibu sauti ya mwimbaji, kisha anarudi chini kushika mdundo wa kuchezeka kabla hujagundua kuwa aliuacha. Chagua mistari minne ya hapo, iimbe kwa mdomo mpaka iwe sawa, ndipo uishike besi. Acha uzi wa chini wazi ulie pembeni, na kila nota uipime nao.