Mama ametulia mno

Mwezi uliopita baba mmoja wa makamo alimleta mama yake kliniki hapa Moshi, kutoka Kibosho. Wiki tatu nyuma mama huyo alikuwa anatembea mwenyewe kihambani, shambani kwake nyumbani. Siku hiyo alishushwa kwenye bajaji kwa kubebwa, shingo imekakamaa, mate yanamtoka. Mwanawe akanipa bahasha ya dawa: haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, miligramu 5, 1x3.

"Shikamoo daktari. Tangu aanze hizi ametulia, ila naona ametulia mno."

Miligramu 15 kwa siku! Kwa mzee mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mimi huanzia nusu miligramu, na mara nyingi sianzi kabisa. Tena ndani ya bahasha kulikuwa na Artane ya kulegeza mwili, ambayo nayo huzidi kumvuruga akili mzee na kumzuia mkojo.

Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa anaona watoto kwenye migomba. Hawasemi kitu, wamesimama tu. Hakuwaogopa, alimwagiza mkwewe awapelekee ndizi. Maluweluwe ya namna hii, yaani kuona vitu visivyokuwepo, ukiongeza mwendo wa kuburuta miguu na akili inayokuja na kupotea, hunifanya nifikirie aina moja ya dimensia iitwayo dimensia ya Lewy. Wagonjwa hao haloperidoli huwakakamaza vibaya, na wengine huwaua. Rivastigimini, dawa ya dimensia, huwafaa zaidi, ukiipata.

Utafiti uliofanyika Hai, hapo jirani, ulikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa hiyo bahasha kama ile nitaiona tena. Nikiiona huanza na maswali ya kawaida tu. Mkojo unauma? Choo kimefunga siku ngapi? Ana mtoto wa jicho? Kuna aliyempa piritoni za mafua? Vurugu iliyoanza ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi ina kitu nyuma yake, na hicho ndicho cha kutibu. Na bibi anayelia kwamba ameibiwa kitenge, kwa kawaida kakificha mwenyewe akasahau. Sijaona kidonge kinachotafuta kitenge.

Ninayempa dawa ni yule anayepiga watu, au aliyeacha kula kwa hofu ya sumu, na mengine yote yameshindikana. Humpa risperidoni, ndugu mpya wa haloperidoli, kidogo sana. Kabla ya kuandika huwaambia ndugu wazi: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wazee wenye dimensia wanaotumia dawa mpya za kundi hili hufa mara 1.6 hadi 1.7 zaidi ya wanaopewa kidonge kisicho na dawa, wengi kwa moyo au nimonia. Mwaka 2008 onyo likazihusu na za zamani, haloperidoli ikiwemo. Ndiyo maana wiki ya sita lazima warudi, tuone kama tunapunguza.

Yule mama tulimwachisha zote mbili. Shingo imelegea, anatembea kwa mkongojo. Watoto bado wapo migombani. Mkwewe hutoka na sahani, akazunguka nyuma ya jiko, akarudi: "Tayari mama, wamekula."