Ukuta wa Nje Uvalishwe Nini? Nakuru si Kakamega

Kabla hujachagua rangi au mawe ya kubandika, chukua kikombe cha maji uyamwage ukutani. Yakitiririka hadi chini, ukuta wako umefunga. Yakinywewa njiani, basi una ukuta kama wa nyumba nyingi kuanzia Nakuru hadi Busia. Mawe ya Nakuru ni majivu ya volkeno yaliyogandamana: rahisi kuchonga, lakini yamejaa vitundu. Matofali ya kuchoma ya Vihiga na Kakamega nayo hutegemea moto wa tanuri. Yaliyokaa pembeni hutoka hafifu kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Ukuta wa namna hii utalowa upende usipende. Kwa hiyo mtu akinionyesha kitu cha kuuvalisha, mimi huuliza kwanza: maji yakishaingia, yatatokea wapi?

Swali hilo linaiondoa mapema vanishi ya kung'aa. Ukuta wa mawe uliopigwa kii, yaani maungio yake yamechorwa kwa simiti, hupendeza ukipakwa vanishi, lakini unyevu unaotoka ndani ya jiwe hukwama nyuma ya utando. Vanishi hugeuka nyeupe, hubanduka vipande vipande, na chumvi iliyobaki hula uso wa jiwe. Mawe yakiwa mazuri yaache wazi. Ukitaka kinga, tumia dawa ya silikoni inayopenya ndani ya jiwe bila kufunga vitundu, nawe ujue itahitaji kurudiwa baada ya miaka kadhaa.

Unyevu ukiwa unapanda kutoka chini, hakuna vazi litakalouponya. Karatasi ya DPC, ile inayolazwa ukutani kuzuia unyevu usipande, ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi, na hapo nasema ardhi ya mwisho. Wengi hupima vizuri wakati wa kujenga, kisha wanamwaga udongo wa maua na kupanga kabro (matofali ya zege ya sakafu ya nje) mpaka DPC inazikwa.

Tuje kwenye plasta, maana ndiyo itakayochaguliwa na wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kanuni yake ni kwamba tabaka la juu lisiwe gumu kuliko kilicho nyuma yake. Fundi akichanganya simiti moja kwa mchanga tatu juu ya tofali laini, plasta hujikunja inapokauka, huvuta ngozi ya tofali na kuachana nalo. Ukiigonga baada ya mwezi mmoja inalia kama debe tupu. Kwa matofali na mawe laini mimi hutaka moja kwa tano; moja kwa nne naiacha kwa bloku ngumu na kwa sehemu ya chini inayorukiwa na matone ya mvua.

Kwa kila mita mraba 100 za ukuta, unene wa milimita 15, mchanganyiko wa moja kwa tano na asilimia 20 ya kumwagika, weka hesabu ya mifuko 11 ya simiti ya kilo 50 na karibu tani 3 za mchanga. Mchanga upimwe kabla lori halijaondoka. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja kwa kumi ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Tope ndilo huleta nyufa nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui, ambazo watu husema zimeletwa na simiti mbovu.

Kwangua maungio ya ukuta kwa kina cha sentimita moja ili plasta ishike. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, upige plasta ukiwa na unyevu lakini usiong'aa maji. Panapokutana zege na jiwe, kama kwenye linta na nguzo, tandika wayameshi (wavu wa waya) ya upana wa sentimita 20, la sivyo ufa utakuja palepale. Kisha mwagilia mara mbili kwa siku kwa siku saba. Kisumu jua la saa sita hukausha plasta mbichi kabla haijashika, hivyo upande unaopigwa na jua ufanywe asubuhi au utundikwe magunia mabichi. Rangi isubiri siku 28. Simiti changa ina ukali unaochoma rangi ikatoka mabaka.

Kakamega hupata mvua karibu mara mbili ya Nakuru. Huko napendelea rafu kasti, plasta ya kurushwa ukutani, kuliko plasta laini: uso wake wenye vinundu hutawanya maji, na nyufa ndogo hazionekani. Kwa nyumba za Nakuru siipendi sana rafu kasti, kwa sababu vumbi la kiangazi hukaa juu ya kila kinundu na hutalitoa kwa ufagio.

Mawe ya kubandika kama Mazeras, yale bapa yatokayo Pwani, ni mazuri, lakini yana uzito. Jiwe la milimita 25 lina kilo 55 hadi 60 kwa kila mita mraba. Ukilibandika juu ya plasta hafifu, litashuka na plasta yake. Lipake gundi mgongo mzima. Fundi anayeweka mabonge matano anaacha mifuko ya hewa inayojaa maji. Juu ya urefu wa mtu, dai pini za chuma kisichoshika kutu. Na kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Kano karibu na Kisumu, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, singebandika jiwe lolote kabla msingi haujathibitika kutulia.

Mbao zinafaa Molo na Njoro, saipresi ikipatikana karibu. Mbao ya inchi 6 kwa 1 ikilalia mwenzake milimita 30, mita 10 za mraba zinahitaji takriban futi 300, pamoja na za kukatika. Kila ubao upate msumari mmoja kwenye kila nguzo, juu kidogo ya mlalo, usipenye ubao wa chini. Ukizifunga mbili pamoja zitapasuka zikinywea. Oili chafu ya gari inafukuza mchwa kwa muda, lakini hakuna rangi itakayoshika juu yake.

Plastiki ya PVC inatanuka sana kwa joto. Ubao wa mita 3.6 unaweza kuongezeka milimita 7, kwa hiyo skrubu zikae katikati ya tundu refu na zisikazwe.

Mabati huonekana kama vazi la maskini, ila kwa ukuta mmoja unaopigwa na mvua ndiyo dawa ninayoiamini zaidi. Tafuta geji 28 (geji ni namba ya unene wa bati). Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Funga mbao za kulala kila sentimita 90 juu ya papi (mbao nyembamba) za kusimama, ili hewa ipite nyuma kutoka chini hadi juu. Skrubu zenye mpira ziingie kwenye bonde la bati, si mgongoni kama paani. Bati lisiguse simiti mbichi, inakula zinki, na liishie sentimita 15 juu ya ardhi. Ziba pengo la juu na la chini kwa wavu mwembamba, popo wasipate nyumba ya bure.