Kujumlisha akisami zenye asili tofauti

Mwambie mtoto wa shule hapa Nairobi ataje akisami, atakuimbia: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Hilo ni somo la Kiswahili. Kisha mwandikie 1/4 + 1/3. Hiyo ni hisabati, anayofundishwa kwa Kiingereza, na wengi hujibu 2/7. Natamani masomo haya mawili yangekutana, maana majina yale ndiyo yanayoonyesha kwa nini 2/7 haiwezi kuwa jibu.

Nambari ya chini huitwa asili, ya juu kiasi. Asili ni jina la kipande. Kiasi ni idadi ya vipande. 3/8 ni thumuni tatu, kama unavyosema machungwa matatu. (Thumuni hapa ni sehemu ya nane, si sarafu ya senti hamsini.) Thumuni tatu ukiongeza thumuni mbili ni thumuni tano, 5/8. Sasa robo moja na thuluthi moja je? Ni vipande viwili, sawa, lakini viwili vya nini? Si robo mbili wala thuluthi mbili. Subui (sehemu za saba) nazo zimetoka wapi?

Tuseme umengoja matatu robo saa pale Odeon, kisha safari ikachukua thuluthi ya saa. Umetumia muda gani? Kichwani unasema dakika 15 na dakika 20, jumla 35. Saa ina dakika 60, kwa hiyo ni 35/60. Gawanya juu na chini kwa 5 upate 7/12. Bila hata kufikiri, umeweka kando majina robo na thuluthi, ukavipa vipande vyote jina moja, dakika. Hesabu yenyewe ni hiyo. Ile 2/7 ya saa ni kama dakika 17, pungufu hata ya safari peke yake!

Kwenye karatasi hakuna dakika, basi unatafuta jina la pamoja mwenyewe: nambari inayogawika kwa 4 na pia kwa 3. Ndogo kuliko zote ni 12, nayo huitwa Kigawe Kidogo cha Shirika. Chukua chapati iliyokatwa robo nne, kila robo uikate mara tatu. Vipande sasa ni 12, na robo yako imekuwa vipande 3, lakini chapati ni ile ile. Ndiyo sababu ukizidisha asili kwa 3, kiasi nacho sharti ukizidishe kwa 3. Hivyo 1/4 ni 3/12, na 1/3 ni 4/12. Jumla ni 7/12. Kinachojumlishwa ni kiasi tu, kwani asili ni jina.

Jaribu 5/6 + 3/8. Unaweza kuzidisha 6 kwa 8 ukatumia 48, na utafika: 40/48 + 18/48 = 58/48. Ila 24 inatosha, na nambari zinabaki ndogo: 20/24 + 9/24 = 29/24, yaani moja kamili na 5/24. Yule wa 48 akigawanya juu na chini kwa 2, anakuta 29/24 hiyo hiyo.