Kukesha na Miguu Ndani ya Beseni
Wanafunzi wengi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wamerithi kutoka shule za bweni imani kwamba anayetumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili akeshe akisoma ndiye atakayefaulu. Maji hayo, tena katika baridi ya Juni na Julai, humchangamsha mtu kwa muda mfupi tu. Ubongo huimarisha kumbukumbu za yaliyosomwa mchana wakati wa usingizi; kwa hiyo anayekesha huikatiza kazi ileile anayoitegemea, huku hofu ya mtihani ikimzidi, kwa kuwa ubongo uliochoka hushindwa kutuliza hisia. Ugumu halisi, nionavyo, ni kwamba sekondari kengele ilimpangia kulala, ilhali chuoni hujipangia mwenyewe zile saa 7 hadi 9 za usingizi anazohitaji kila usiku.