Skrini nyeusi baada ya kupandisha Ubuntu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Umetoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, bando limeliwa, mashine imejiwasha upya, na pale unapotakiwa kuandika paswedi pana giza tupu na kistari kinachopepesa kwenye kona. Hapo kila mtu anakuwa fundi. Nitasema hasa habari za mashine zenye kadi ya picha ya NVIDIA, maana ndizo zenye vituko.

“Kioo kimekufa.” Kama nembo ya kampuni ilionekana ulipowasha, kioo ni kizima, usikubali kufunguliwa laptop. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiombwa jina na paswedi kwa maandishi matupu, mfumo umewaka, kilichogoma ni upande wa picha tu. Faili zako zipo palepale.

“Futa upige Ubuntu upya tu, usijisumbue.” Ushauri huu unapendwa kwa sababu mara nyingi unafanikiwa. Ubaya ni kwamba hujui kilichoharibika, na kerneli nyingine (kerneli ni kiini cha mfumo) ikija huenda ukarudi kulekule.

Draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoiendesha kadi, huingia ndani ya kerneli kama moduli, kipande cha kuchomekwa, na moduli iliyojengwa kwa kerneli moja haikubaliki kwenye nyingine. Kerneli mpya ikija, programu iitwayo DKMS inatakiwa kuijenga moduli upya. Heda za kerneli, yaani faili zinazohitajika kuijengea moduli, zikikosekana, au umeme ukikatika katikati ya zoezi, kazi inabaki nusu. Jaribio la haraka: kwenye menyu ya GRUB, ile inayotangulia mfumo kuwaka, ingia “Advanced options” uchague kerneli ya zamani. Picha ikirudi, ugomvi ni wa draiva na kerneli mpya.

Rudi kwenye kerneli mpya, uingie kwa maandishi kama tulivyosema, uandike `dkms status`. Mbele ya namba ya kerneli yako, ile inayotolewa na `uname -r`, panatakiwa neno `installed`. Ukikuta `added` peke yake, moduli haikujengwa. Anza na `sudo dpkg --configure -a` kumalizia kilichokatika, kisha `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, kisha `sudo dkms autoinstall`. Ile `dkms status` isipotoa kitu chochote, huenda ulikuwa ukitumia moduli zilizojengwa tayari na Ubuntu wenyewe. Hapo `sudo ubuntu-drivers install` inatosha. Intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kugawa mtandao. Kwa kawaida Ubuntu huipokea bila maswali.

“Nimeweka draiva sawasawa, kwa hiyo kadi ndiyo mbovu.” Hapa wengi wanakwama, na mkosaji ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokagua saini za programu wakati wa kuwaka. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Ndiyo maana wakati wa kuweka draiva Ubuntu hukutaka utunge paswedi, na mashine ikijiwasha unatokea ukurasa wa bluu unaosubiri sekunde chache tu. Watu wakiona bluu wanakumbuka balaa za Windows, wanabonyeza kuendelea haraka haraka. Kumbe pale ndipo pa kuchagua “Enroll MOK”, yaani kusajili ufunguo wa mwenye mashine, na kuandika ile paswedi. Ukiipita, ufunguo hausajiliwi na draiva inabaki mlangoni. Jaribu `sudo modprobe nvidia`: ikijibu “Key was rejected by service”, umempata mwizi. Andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, washa upya, na safari hii usikimbie.

“Dawa ni nomodeset.” Hiyo ni panadoli. Unabonyeza `e` kwenye GRUB, unaliongeza neno hilo mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, unapata picha ya kukuwezesha kufanya kazi. Ukiliacha humo moja kwa moja, usishangae video kukwamakwama.

“Pakua draiva mpya kabisa kwenye tovuti ya NVIDIA.” Faili la `.run` linapita pembeni ya apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka na kusasisha programu, wala apt haitalitunza. Tena mpya si lazima ikufae: GeForce za 400 na 500 ziliishia draiva 390, ambayo NVIDIA iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Kama laptop yako ya mtumba iko kundi hilo, kimbilio ni nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya kerneli.

“Paswedi imebadilika yenyewe.” Unaiandika, skrini inapepesa, unarudishwa ulipoanza. Ingekuwa imekosewa ungeambiwa. Angalia `df -h`: diski ikiwa imejaa 100%, mfumo hauna pa kuandika chochote, na `sudo apt clean` itakupa nafasi ya kupumua. Diski ikiwa na nafasi, gusa alama ya gia kwenye ukurasa wa kuingia, ubadilishe kutoka Wayland kwenda Xorg au kinyume chake; hiyo ni mifumo miwili ya kuchora picha kwenye skrini. Kitakachokubali, kaa nacho ufanye kazi zako.